Getini wamebaki wanne: je, nimnunulie binti yangu pikipiki ya 85?

Swali: "Fundi, salamu kutoka Nakuru. Binti yangu ana miaka 11, yuko gredi ya sita, na ameendesha 65, yaani pikipiki ya cc 65 ya motokrosi (mbio za uwanja wa udongo wenye miruko), kwa misimu mitatu. Alipoanza, watoto wa kundi lake walijaa geti la kuanzia mbio hadi wa mwisho wakawa wanapangwa kwenye matope ya kando. Mashindano ya juzi walikuwa wanne. Makundi ya wakubwa nayo yamepungua, na baba yake anasema tuuze kila kitu kabla mchezo haujatufia mikononi. Mtoto hataki hata kusikia. 65 imekuwa fupi kwake, magoti yanagonga usukani. Nimepata wauzaji wawili: mmoja ana 85 ya kuchanganya oili na petroli, mwingine ana 150 ya vali, naye anasema hiyo ndiyo ya kisasa. Je, motokrosi yetu inakufa? Na kama haifi, ninunue ipi?"

Dada yangu, usiuze kitu. Nunua ile 85 ya kuchanganya oili, mradi ipite ukaguzi nitakaokueleza huko chini. Jibu ni hilo, na ningeweza kuliacha hapo, ila swali lako la kwanza limenikaa moyoni tangu nilisome. Tena, ukilitazama vizuri, maswali yako mawili ni moja: mambo yaliyowaondoa watu getini ndiyo hayo hayo yanayoonyesha pikipiki ya kununua.

Nimo katika mchezo huu tangu nilipokuwa nikichukua kwa siri Honda XL125 ya baba, aliyopewa kwa kazi ya afisa kilimo, na kuirukisha kwenye matuta ya kahawa. Nimeshindana, nimevunja mtulinga mara mbili, na siku hizi natengeneza injini siku za kazi na kushika bendera siku za mashindano. Hayo makundi yanayopungua nimeyaona yakipungua, jina baada ya jina.

Sasa, nenda milima ya Ngong, karibu na Nairobi, Jumapili alfajiri. Utakuta pikapu zimepangwa kando ya barabara, watu wazima wanavaa buti na kinga za magoti za plastiki, pikipiki za 250 na 300 zinapashwa moto. Wengi wao nawajua kwa injini zao. Walikuwa wakisimama getini. Ukiwauliza kwa nini hawaji tena, hawakuambii kwamba wamechoka na pikipiki. Wanakuambia hesabu: siku ya mashindano unaamka saa kumi usiku, unalipa ada, unalipia leseni, unangoja juani, unakimbia mara mbili au tatu, kila mbio dakika kumi na tano au ishirini, halafu unafunga mizigo jioni. Kule milimani mtu anaendesha saa nne mfululizo kwa bei ya petroli na chapati. Mapenzi yapo pale pale. Kilichoshindwa ni siku yenyewe ya mashindano, haimpi mwendeshaji thamani ya alichotoa. Baba wa mtoto akisema mchezo unakufa, mpeleke akaone hizo pikapu.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni injini, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo ilipo ile 150 yako.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu kila pikipiki ya motokrosi ilikuwa ya kuchanganya oili, tustroki kama mafundi tunavyoiita; ile ya vali ni fostroki. Mwaka 1997, Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za Las Vegas kwa Yamaha ya majaribio yenye injini ya vali, na mwaka 1998 Yamaha wakaanza kuuza YZ400F. Kanuni zikaruhusu injini ya vali iwe kubwa karibu mara mbili: 250 ya vali ikasimama geti moja na 125 ya kuchanganya oili. Nani angenunua 125 tena? Honda wakaacha kabisa kuunda motokrosi za kuchanganya oili baada ya toleo la 2007. Kwa timu za viwanda yalikuwa maendeleo makubwa. Kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe uani kwake, ulikuwa mwanzo wa matatizo.

Pistoni ya 85 ya kuchanganya oili ni kazi ya jioni moja. Unafungua kichwa, unatoa silinda, unabadilisha pistoni, ringi, pini na gasketi, unafunga. Injini ya vali ya motokrosi ina kamshafti, cheni ya ndani, vali nyepesi mno zinazochakaa taratibu bila kupiga kelele, na inazunguka zaidi ya mara elfu kumi na mbili kwa dakika. Ukiihudumia kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake, ni injini tamu. Ukichelewa, haikuonyi. Kuna kijana mmoja, mwendeshaji hodari kuliko wengi niliowahi kuwafundisha, aliyekuja kwangu na 250 ya vali kwenye pikapu. Alikuwa ameisukuma msimu mzima zaidi ya saa zake kwa sababu pistoni aliyoagiza ilikwama njiani. Pistoni ilipasuka, kipande kikagonga vali, vali ikaanguka ndani, kichwa kikatoboka, fito, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ikatoka kwa ubavu wa injini. Nilipomwandikia orodha ya vipuri alikaa kimya muda mrefu. Bei ilikuwa zaidi ya nusu ya alichonunulia pikipiki yote. Aliiuza vipande vipande na sijamwona getini tena. Jina lake lilikuwa moja kati ya yale yaliyokuwa yakijaza lile geti unalolikumbuka.

Na kwetu gharama hiyo ina mkia. Pistoni hiyo haiundwi hapa. Inakuja kwa ndege, inalipiwa ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya bei pamoja na ule ushuru, na shilingi ikiyumba bei inayumba nayo. Mwenye injini inayotaka vipuri vichache anaumia kidogo. Mwenye injini ya vipuri vingi anaacha mchezo.

Usidhani haya ni ya Kenya peke yetu. Uingereza, ambako mashindano ya namna hii yalianzia Camberley mwaka 1924, vilabu vinalia kilio hicho hicho, na wao wameongezewa mambo ya ardhi. Sheria yao ya mipango inamruhusu mkulima kutumia shamba lake kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila kibali, lakini mbio za magari na pikipiki zisizidi siku 14. Klabu ikitaka zaidi ya hapo inaomba kibali, na majirani wanapinga kelele. Marekani nako, sheria ya mwaka 2008 ya kulinda watoto dhidi ya madini ya risasi kwenye vitu vyao iliandikwa kwa upana mno hadi ikazikamata pikipiki za watoto, kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye vipande kama vali za matairi na ncha za betri. Kuanzia Februari 2009 maduka mengi yaliziondoa sakafuni, na ingawa utekelezaji ulisimamishwa baada ya miezi michache, sheria yenyewe haikurekebishwa hadi Agosti 2011. Mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati huo angekuwa leo na zaidi ya ishirini, katikati ya umri wa kushindana.

Kwetu ardhi inaondoka kwa njia nyingine. Uwanja niliojifunzia kuruka ulikuwa shamba la mzee mmoja aliyetupenda. Mzee alipofariki, watoto waligawana, shamba likakatwa ploti za hamsini kwa mia, na pale palipokuwa na kona yetu ya mwisho leo pana geti la mabati na mbwa. Ndiyo maana Jamhuri pale Nairobi ni hazina. Uwanja uliomo mjini, watu wanaweza kufika kwa matatu kuja kutazama, hatuwezi kumudu kuupoteza.

Lakini kuna sababu ya tatu ambayo sijasikia ikisemwa, nayo ndiyo inakuhusu wewe kuliko zote. Tazama makundi: 50, 65, 85, kisha 125, kisha wakubwa. Watoto wadogo hawakosi kabisa. Wazee wa zaidi ya miaka 35 wapo, tena wanaongezeka. Shimo liko katikati, kati ya miaka 14 na 18. Wazazi husema mtoto ameogopa, au amepata simu. Mimi nikihesabu waliotoweka mbele ya macho yangu, wengi walitoweka mwezi ule ule: walipoingia kidato cha kwanza shule ya bweni. Mtoto anafungiwa miezi mitatu, anatoka likizo, pikipiki imekuwa ndogo, inayofuata ni 250 ya vali yenye bei ya gari kuukuu, na kalenda ya mashindano imepangwa katikati ya muhula. Mambo matatu yanampiga kwa pamoja. Ngazi iliyokatika vidato vya kati haipandwi, hata kama vya chini na vya juu ni vizima.

Sasa fikiria binti yako. Yuko gredi ya sita. Tangu Januari 2023 sekondari ya chini iko kwenye shule za msingi, kwa hiyo kama yuko shule ya kutwa na hamtamhamisha, atakuwa nyumbani hadi gredi ya tisa. Hiyo ni miaka mitatu ambayo mtoto wa mfumo wa zamani asingekuwa nayo yote. Na miaka mitatu ndiyo maisha ya 85: kuanzia miaka 11 hadi 14 au 15. Unanunua kitu kitakachotumika kila wikendi badala ya kungoja likizo. Sidhani kama vilabu vyetu vimeligundua hili bado, na ningetamani walione, kwa maana hawa watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa ndio watakaoziba lile shimo kama kalenda itapangwa kwa ajili yao.

Waendeshaji wenyewe wameanza kujipanga, tena kwa akili. Mabadiliko ninayoyaona makubwa ni kurudi kwenye kuchanganya oili. Yamaha hawakuwahi kuiacha YZ125, na toleo la 2022 waliiundia injini mpya kabisa. Ile 125 ndiyo kidato kilichokosekana: kijana anatoka 85 anapanda 125, anajifunza kushika mwendo kwenye kona kwa sababu injini haimsamehei akipunguza, na baba bado anaweza kubadilisha pistoni uani. Wazee nao wanazitoa stoo. Juzi mteja wangu aliniletea Honda CR ya zamani, ya kuchanganya oili, iliyolala chini ya turubai miaka mingi, tangi limeoza, tukaifufua kwa wiki mbili, naye akarudi getini.

Makundi yanaunganishwa. Watoto wa 65 na 85 wanaingia uwanjani pamoja lakini geti linaanguka mara mbili: 85 wanatoka kwanza, nusu dakika baadaye 65, na alama zinahesabiwa mbali mbali. Mzazi anaona uwanja uliojaa, mtoto anapata wa kushindana naye hata kama kundi lake lina wanne. Mimi naunga mkono mradi pawe na mwenye bendera ya buluu katika kila mruko mkubwa, kwa sababu wa 85 watawafikia wadogo na wale wadogo hawasikii nyuma. Kuunganisha 85 na 125 siungi mkono kabisa. Uzito na mwendo vimepishana mno, na mtoto wa miaka 11 hapaswi kuwa chini ya 125 inayotua. Ukiona ratiba imewachanganya hivyo, usimwingize mtoto siku hiyo, hata kama ada imeshalipwa.

Kuna mbio za jozi pia. Wawili wanapokezana kitambaa, mmoja anazunguka mara mbili tatu, anaingia, mwenzake anatoka, hivyo kwa saa nzima au zaidi. Baba na mwana, fundi na mteja, mwenye pikipiki na asiye nayo wanaotumia moja. Muda wa kuendesha ni mrefu, kungoja ni kidogo, na hakuna anayejali kundi. Hizi zimerudisha watu wa Ngong kuliko kombe lolote. Klabu nyingine zimepunguza raundi za msimu na kufanya mbili kwa wikendi moja, Jumamosi na Jumapili, ili safari iwe moja. Wengine wanafungua uwanja siku ya mazoezi kwa ada ndogo bila mashindano, wakiwa na mtu wa huduma ya kwanza na wenye bendera. Nilikuwa nikizidharau siku hizo. Nimebadilika, kwa sababu nimeona mtoto aliyekuja mara tatu kwa mazoezi akija ya nne na namba kifuani.

Na vipuri. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila mwezi tunaandika nani anataka nini, tunaagiza mara moja, tunagawana gharama ya usafiri. Pistoni tano kwenye boksi moja ni nafuu kuliko boksi tano. Ukinunua pikipiki, omba kuingizwa kwenye kikundi cha namna hiyo siku hiyo hiyo.

Kuhusu za umeme, najua utaulizwa. KTM walitoa SX-E 5 ya watoto wadogo mwaka 2019, na Stark Varg ya Hispania, ambayo ni ya wakubwa, ilizinduliwa Desemba 2021 ikiwa na nguvu ya kushindana na 450. Hazina kelele, kwa hiyo uwanja wa karibu na nyumba za watu unaweza kuishi. Kwa mtoto wa 50 ningenunua leo kama ningeipata mkononi. Kwa 85, bado sioni ya kukushauri.

Jambo moja zaidi kabla ya ukaguzi, kwa sababu ni msichana. Akikua atasikia kwamba mchezo huu si wake. Mashindano ya wanawake yana ubingwa wa dunia tangu 2008, na Kiara Fontanesi wa Italia ameutwaa mara sita kati ya 2012 na 2018. Mwonyeshe video zake anavyosimama kwenye vigingi vya miguu akiingia konani. Kwa uzito na mkono, msichana wa miaka 11 hana upungufu wowote mbele ya mvulana wa miaka 11, na wengi niliowaona wanasikiliza zaidi.

Haya, twende kwa huyo muuzaji.

Mpigie umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ina joto, ameiwasha ili kuficha kitu, na kitu chenyewe huwa ni injini isiyowaka ikiwa baridi. Mwombe atoe kiti na kufungua kichungio cha hewa. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa injini. Kidole kikitoka na vumbi, achana nayo, haijalishi rangi inang'aa vipi. Nakuru mna vumbi jeupe laini kama unga, na likiingia injini ya kuchanganya oili linasaga ringi kama msasa. Pikipiki nyingi zilizokufa mikononi mwangu ziliuawa na kichungio, na kichungio ni sifongo tu, kinaoshwa, kinakaushwa, kinapakwa oili yake. Uwe na vitatu, na siku ya mashindano ubadilishe kila baada ya mbio.

Inua gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia kwa nguvu. Likicheza, beringi za mkono wa nyuma zimekwisha. Si mwisho wa dunia, ila ni pesa za kupunguza kwenye bei. Fanya hivyo na usukani pia. Pitisha mikono chini ya fremu kutafuta nyufa na mikunjo. Gonga spoki kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, zitoe sauti inayofanana. Tazama shokamzoba za mbele kama zina oili inayotiririka. Ng'oa plagi: ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, sawa. Ikiwa nyeupe, imekuwa ikiendeshwa na mafuta haba na pistoni imeumia.

Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo roho. Kama muuzaji atakubali silinda ifunguliwe, shika fito na uivute juu na chini. Kucheza kidogo kwenda kando ni kawaida yake. Ikicheza juu na chini hata kidogo, krenki imekwisha, na hapo bei ishuke sana au uondoke. Kama hatakubali, chukulia kwamba imekwisha na utoe bei yako kwa hesabu hiyo. Uliza ina saa ngapi tangu pistoni ya mwisho. Asipojua, pistoni mpya ni gharama yako wiki ya kwanza, na usimruhusu mtoto ashindane kabla. Kwa mtoto anayejifunza mimi hubadilisha kila saa 25 hivi, akianza kushinda nashusha hadi 15 au 20. Oili ni lita moja kwa lita 40 za petroli isipokuwa kitabu chake kiseme vingine, yaani mililita 25 kwa kila lita. Pima kwa kikombe chenye alama, usikisie kwa kofia ya chupa.

Angalia namba ya fremu ilingane na karatasi za forodha. Pikipiki hizi hazina namba za barabarani, karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba si ya wizi, na utaihitaji siku mkienda Uganda.

Uliza pia ni ya kampuni gani. Ikiwa ni KTM, Husqvarna au GasGas, zote ni nyumba moja na injini ya 85 ni ile ile, kwa hiyo vipuri vinabadilishana. Utasikia watu wakisema KTM imefilisika. Ni kweli iliomba ulinzi wa mahakama Austria Novemba 2024, lakini wadai walikubali mpango wa kulipwa asilimia 30 Februari 2025, na aliyetoa fedha za kuiokoa ni Bajaj ya India, wale wale wa Boxer zinazotubeba kila siku. Sioni sababu ya kuogopa kukosa pistoni. Ikiwa ni Yamaha YZ85, vizuri zaidi kwa mfuko wako, ni ngumu kuua.

Chagua ya magurudumu madogo, 17 mbele na 14 nyuma. Aketi, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Akianguka aweze kuiinua mwenyewe, na hapo ndipo utaona tofauti, maana anatoka kwenye kilo hamsini na kitu kwenda karibu 70. Mpe mwezi mzima wa mazoezi kabla ya kumweka getini. 85 haianzi kuvuta pale alipozoea. Inakaa kimya, kisha inaamka ghafla, na mtoto asiyeitarajia hujikuta ameketi chini peke yake.

Na ile 150 ya vali? Si pikipiki mbaya. Ni laini, inavuta tangu chini, na mtoto ataipenda siku ya kwanza. Ila iliyotumika, isiyo na rekodi ya vali, mikononi mwa familia isiyo na fundi wa karibu, ni ule ule mzigo uliomwondoa kijana wangu. Muuzaji akikuonyesha risiti za vali na pistoni zenye tarehe, nipigie tuzungumze.

Mkianza kusafiri, kumbuka kabureta. Nakuru mko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na 85 iliyorekebishwa vizuri hapo ina jeti ndogo, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta. Mkiipeleka Garuga, kando ya ziwa karibu na Entebbe, mmeshuka takriban mita 700. Hewa ni nzito zaidi, petroli inakuwa haba, injini inapata joto na pistoni inaweza kukwama katikati ya mruko. Ongeza jeti kuu saizi moja au mbili kabla ya mazoezi ya kwanza, kisha utoe plagi uitazame rangi. Mombasa au Dar es Salaam, zaidi ya hapo. Nunua jeti tano za saizi zinazofuatana uziweke kwenye kikebe cha vipuri, ni vitu vidogo vya bei ndogo.

Nenda na binti yako kwa muuzaji, na umalizapo kukagua mpe yeye nafasi aiwashe, kwa mguu wake, injini ikiwa baridi, wewe na muuzaji mkiwa mmekaa mbali. Ikiwaka kwa teke la kwanza hadi la tano, lipa. Akipiga kumi bila kitu, mwambie avae koti lake mrudi nyumbani, na unitumie picha ya ile plagi jioni.